Ncha ya wembe wa kukunja: kasoro zinazojitokeza wakati wa kuichonga upya, sababu zake na namna ya kuzitatua

Wembe wa kukunja ukidondoka kwenye sinki au kwenye sakafu ya saruji, mara nyingi ncha ndiyo inayotangulia, na kipande cha milimita moja hadi tano humeguka kwenye pembe ile ambapo makali hukutana na mwisho wa bapa. Wenye nyembe za zamani, zilizogongwa muhuri wa Solingen, Sheffield au Thiers, miji ya Ulaya yenye sifa ya kutengeneza nyembe, kwenye shina (sehemu butu kati ya makali na pini ya mpini), huona uchungu kuzitupa, na wana haki, kwa sababu ncha iliyomeguka inaweza kuchongwa upya nyumbani kwa kinoo, msasa wa maji na subira. Mwongozo huu unapitia kasoro ambazo wanaojaribu kazi hiyo huzilalamikia mara kwa mara, ukianza na kile ambacho jicho huona na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Hauhusu zile nyembe za kubadilisha ambazo vinyozi wengi sasa wanazitumia. Kipande cha wembe wa aina hiyo kikiharibika hutupwa, hakichongwi.

Jambo moja lieleweke kabla ya kugusa kinoo. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua pembe ya makali. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wenye unene wa milimita 4.5 hupata pembe ya digrii 16 hivi. Ukiufupisha wembe huo kwa milimita 5 upande wa ncha, pembe hiyo haibadiliki hata kidogo. Lakini ukiusaga upande wa makali kwa milimita 2 tu ili kufuta pengo, pembe hupanda hadi digrii 18 na nusu, na wembe huanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata. Ndiyo maana ninashauri chuma kiondolewe upande wa mwisho wa bapa, na upande wa makali uachwe kadiri inavyowezekana, hata kama wembe utapoteza urefu kidogo.

Ncha imemeguka, na haijulikani kama wembe unafaa kuokolewa

Sababu ya kawaida ni kuanguka. Inayofuata ni wembe kukunjwa ukiwa umelegea kwenye pini, hivi kwamba ncha hugonga mpini kila unapofungwa hadi ikamomonyoka. Sababu ya tatu, ambayo ni ya nadra zaidi lakini mbaya kuliko hizo mbili, ni kutu iliyokula bapa kutoka ndani ya mpini kwa miaka mingi, ikaacha vishimo vinavyolidhoofisha chuma.

Anza kwa kuuosha wembe kwa sabuni, kuukausha na kuupangusa kwa spiriti, hasa kama ulitumiwa na mtu mwingine, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Usiutumbukize kwenye dawa ya klorini, maana klorini hushambulia feleji upesi sana. Kisha tazama ncha kwa lenzi ya kukuza, chini ya mwanga unaotoka ubavuni, ukitafuta mstari mwembamba unaopanda kutoka kwenye pengo kuelekea mgongoni.

Ikiwa jicho halitoshi, kipo kipimo cha zamani cha mafundi chuma ambacho hakihitaji mashine. Paka mafuta mepesi, kwa mfano mafuta ya cherehani, uyaache kwa dakika kumi ili yapenye, uyafute yote mpaka bapa liwe kavu kabisa, kisha nyunyiza unga laini wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya unga huo.

Kama hakuna ufa, chukua kalamu ya wino usiofutika, uchore umbo jipya kwenye bapa, na uchague umbo ambalo mvunjiko wenyewe unaliruhusu. Pembe ya chini ikiwa imemeguka kidogo, ncha ya duara au ile ya Kifaransa, ambayo hupinda kama robo ya duara kutoka mgongoni kuja kwenye makali, hupoteza chuma kidogo zaidi. Ncha ya mraba hudai chuma kikatwe mpaka mwisho wa pengo, na mvunjiko ukiwa mrefu hasara yake huwa kubwa.

Acha hapo na usisage: ikiwa ufa umepanda zaidi ya theluthi ya upana wa bapa, au ukianzia mahali ambapo umbo jipya halitafika. Ufa hauishi kwa kunolewa, huendelea kukua, na siku moja kipande hukatika wembe ukiwa shavuni. Wembe huo hauna tiba, hata kwa fundi.

Ncha imegeuka rangi ya manjano, kahawia au buluu wakati wa kusagwa

Kwa niliyoyaona, kasoro hii ndiyo inayoua nyembe nyingi ambazo zingeweza kuishi. Chanzo chake cha kwanza ni mashine ya kusagia inayozunguka kwa kasi bila maji. Cha pili ni mkono unaokandamiza, cha tatu ni jiwe au msasa uliochakaa au kuziba, ambao husugua badala ya kukata, na cha mwisho ni umbo la wembe wenyewe: bapa lililochongwa kwa mbonyeo huwa jembamba sana karibu na makali, na chuma chembamba hakina mahali pa kupeleka joto, hivyo sekunde mbili au tatu hutosha kukiunguza.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kukumbuka kwamba feleji ya wembe ilipashwa moto kiwandani ikapozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha ikapashwa tena kwa joto la wastani ili isiwe dhaifu kama kioo. Joto lolote litakalozidi lile la mwisho litaulegeza ugumu huo, na rangi ndiyo kipimajoto chetu. Kwenye feleji ya kawaida yenye kaboni, manjano hafifu hutokea kwenye digrii 200 hadi 220 za Selsiasi hivi, kahawia kwenye 250 hadi 260, zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Penye buluu, chuma hakitashika tena makali ya kunyolea.

Uchunguzi wa kwanza ni kufuta ncha kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu mafuta yaliyoungua huweza kuacha doa linalofanana na rangi hizo. Rangi isipotoka, pima imeingia umbali gani. Ikiwa ni manjano hafifu iliyo ukingoni tu, endelea kwa mkono na kwa maji, uondoe nusu milimita zaidi ya ulivyokusudia. Ikiwa ni kahawia au buluu, saga kwa mkono mpaka alama ya mwisho ya rangi iondoke, kisha uongeze milimita moja nyingine, na kubali kwamba wembe utakuwa mfupi kuliko ulivyopanga.

Kuna njia mbili ambazo watu huzikimbilia na hazisaidii kitu. Ya kwanza ni kuing'arisha rangi hadi ipotee: rangi ni utando mwembamba juu ya chuma, na kilicho chini yake hubaki kilekile kilicholegea, sasa kikiwa hakina hata alama ya kukutahadharisha. Ya pili ni kuichovya ncha yenye buluu kwenye maji, kana kwamba maji yatarudisha ugumu. Ugumu hurudi tu kwa kupashwa upya kwenye tanuri na kupozwa kwa utaratibu. Niliwahi kufanya yote mawili kwa wembe wa marehemu babu yangu, na ule wembe ungali sandukuni, unang'aa, ukiwa haushiki makali kwa upana wa kidole kutoka kwenye ncha.

Kinga ni rahisi kuieleza ingawa ni ngumu kuivumilia: tumia bamba la almasi la namba 300 hadi 400 (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa) au msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene, maji yakiwepo wakati wote, na ushike bapa karibu na ncha kwa vidole vitupu. Kidole kikihisi uvuguvugu, simama na uchovye wembe kwenye maji kabla haujapata moto, si baada. Tupa ya kawaida haifai, kwani feleji ya wembe inakaribia kuwa ngumu sawa na tupa yenyewe, na meno yake yatateleza na kufa. Anayelazimika kutumia mashine ndogo ya mkono aiendeshe kwa kasi ya chini, kwa mguso wa sekunde moja moja, avae miwani ya kinga na barakoa, na asivae glovu za kitambaa, kwa kuwa huficha joto na huweza kunaswa.

Acha hapo na umwone fundi: ikiwa buluu imeenea zaidi ya milimita 7 kwenye makali au imefika kwenye mgongo. Kuupasha upya wembe ni kazi ya mhunzi mwenye tanuri linalopimwa joto, si ya jiko la mkaa, na kwa wembe wa thamani ya kawaida gharama yake hailingani na faida.

Mapengo mapya yameibuka kwenye makali karibu na ncha

Mara nyingi chanzo ni mwelekeo wa mkono. Wembe ukisimamishwa wima juu ya bamba na kusukumwa makali yakiwa mbele, ile pembe nyembamba hujichimbia kwenye punje za almasi na kumeguka. Vuta wembe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, na mwisho wa kila mvuto unyanyue badala ya kuurudisha kwa kusugua. Chanzo cha pili ni punje kubwa kupita kiasi: namba 300 inafaa mpaka ubakiwe na nusu milimita kufika kwenye mstari uliouchora, na baada ya hapo nenda namba 600, halafu 1000. Cha tatu, ambacho hujulikana kwa kuchelewa, ni kutu ya ndani ambayo ilikuwa imekwisha kula makali, na kusaga kumeifichua tu.

Kabla ya kuanza tena, yafanye makali kuwa butu kwa kuyapitisha wima juu ya jiwe laini, mara mbili au tatu, bila kukandamiza. Hatua hii huwashtua wengi, lakini makali yatanolewa upya kwa vyovyote, na wembe butu hauvikati vidole vinavyoshikilia bapa kwa nusu saa nzima. Baada ya kuyafanya butu, yafunike kwa tabaka tatu za selotepu, ukiacha ncha tu ikiwa wazi.

Mapengo ambayo yanaonekana kwa lenzi tu yataondoka wembe utakaponolewa kwenye jiwe la namba 1000. Mapengo yanayoonekana kwa macho matupu yakiwa ndani ya milimita 2 za mwisho, ni afadhali kuyafuta kwa kuirudisha ncha nyuma kidogo. Yakiwa yametawanyika mbali zaidi na ncha, tatizo si la ncha tena, na sikushauri uendelee bila kuonyesha wembe huo kwa fundi anayenoa nyembe za aina hii.

Umbo limekwenda upande

Duara limekuwa na kona kona, au mwisho wa bapa umeinama upande mmoja. Kona hutokana na kusaga mahali pamoja kwa muda mrefu badala ya kuuyumbisha wembe kwa mwendo wa mfululizo. Mwinamo hutokana na kushika wembe bila kitu cha kuuegemeza. Tumia sarafu kama kigezo cha kuchorea duara, na uegemeze bapa kwenye kipande cha mbao kilichokatwa kwa pembe mraba. Tazama kila baada ya mivuto kumi. Chuma kilichotoka hakirudi, kwa hiyo anayeona amepotoka kwa nusu milimita aamue kwanza kama kasoro hiyo inaudhi jicho tu au inaathiri kunyoa. Mara nyingi ni ya jicho tu, na inafaa kuachwa.

Ncha mpya inakwaruza au kukata ngozi

Sababu inayoongoza ni pembe kali iliyobaki pale ambapo makali hukutana na mwisho wa bapa, hasa kwenye ncha ya mraba. Pembe hiyo ni hatari chini ya pua na nyuma ya sikio, mahali ambapo mnyoaji haioni. Ya pili ni ukingo mwembamba uliokunjika wakati wa kusaga, ambao hukaa ubavuni mwa ncha kama uzi wa chuma. Ya tatu ni kwamba pembe ilipunguzwa vizuri lakini ikarudi yenyewe wembe uliponolewa, kwa kuwa kila kunoa hupunguza upana kidogo na kuifichua upya.

Usipime kwa ngozi. Vuta kipande cha pamba taratibu juu ya ncha kutoka pande zote. Penye ukingo uliokunjika nyuzi zitanaswa. Ukingo huo huondolewa kwa msasa wa namba 1000 kisha 2000, ukisugua bapani kwa wepesi. Pembe yenyewe hupunguzwa kwa mivuto mitatu hadi mitano juu ya jiwe la namba 4000 au zaidi, ukiuyumbisha wembe ili upate mviringo usiofika milimita moja. Mivuto ishirini ni mingi mno: itakunyima zile milimita za mwisho za makali ambazo hutumika kusawazisha mstari wa ndevu. Kazi hii hufanywa baada ya kunoa, na irudiwe kila wembe unaponolewa upya.

Makali ya karibu na ncha hayapatikani, ingawa sehemu nyingine inanyoa

Hapa uvumilivu wa wengi huisha, na hapa pia ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa sababu anayenoa hukandamiza ncha kwa nguvu akitumaini kuilazimisha, na mgongo huliwa upande mmoja.

Chanzo cha kwanza ni kwamba makali yaliyofanywa butu hayajarudishwa. Paka wino wa kalamu kwenye ukingo wa makali, pande zote mbili, kisha piga mivuto miwili myepesi juu ya jiwe la namba 1000. Wino ukibaki kwenye makali yenyewe karibu na ncha na kutoka sehemu nyingine, kazi ya jiwe la 1000 haijaisha. Endelea bila nguvu, upake upya, uangalie tena. Kupanda kwenye mawe laini kabla ya wino kutoka sawasawa ni kupoteza siku.

Chanzo cha pili ni mvuto usioifikisha ncha kwenye jiwe. Makali ya nyembe nyingi za zamani yamepinda kidogo kama tabasamu, na yakisukumwa moja kwa moja ncha huelea hewani. Sukuma kwa mshazari, kisigino (mwisho wa makali ulio karibu na shina) kikianza na ncha ikimalizia, na mwishoni mwa mvuto unyanyue shina kwa unene wa karatasi hivi. Jiwe lenyewe nalo likaguliwe: likiwa limebonyea katikati, ncha na kisigino vitanolewa tofauti, na hakuna ustadi wa mkono utakaorekebisha hilo mpaka jiwe lisawazishwe kwa bamba la almasi.

Chanzo cha tatu ni bapa lililopinda kama kigae. Lilaze juu ya kioo bila kukandamiza. Likitikisika upande mmoja na kutulia upande mwingine, limepinda. Mpindo mdogo hushughulikiwa kwa kunoa kwenye jiwe jembamba, la upana wa sentimita 3 hadi 4. Usijaribu kuunyoosha kwa mikono wala kwa nyundo, kwani feleji hii huvunjika kabla ya kunyooka, na vipande vyake huruka.

Chanzo cha mwisho ni chuma kilicholegezwa na joto. Dalili yake ni kwamba makali hupatikana, wembe hukata unywele mmoja au miwili, kisha makali hayo hupotea baada ya kupitishwa mara chache kwenye mkanda wa ngozi. Rudi kwenye maelezo ya rangi hapo juu, hata kama huoni rangi yoyote sasa. Huenda ilifutwa na aliyekutangulia.

Acha hapo: ikiwa wino unatoka sawasawa, jiwe ni tambarare, bapa halijapinda, na bado milimita 5 za mwisho hazinyoi baada ya kunoa kwa saa mbili. Kila mvuto unaoongezwa hula mgongo na kuharibu ile pembe ya digrii 16, na fundi atakayeupokea baadaye atakuwa na chuma kichache cha kufanyia kazi.

Kutu inarudi siku chache baada ya kazi

Kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, hewa ya chumvi ndiyo inayoshukiwa kwanza, lakini mara nyingi kuna msaidizi wake: mikwaruzo mirefu ya namba 300 iliyoachwa kwenye ncha hushika maji kama mifereji. Ilainishe kwa msasa hadi namba 2000. Msaidizi wa pili ni maji yaliyoingia kwenye pini wakati wa kusaga. Yanyonye kwa karatasi laini, uuache wembe wazi usiku kucha, kisha utie tone la mafuta ya cherehani kwenye pini na kupaka utando mwembamba bapani. Wembe uliotiwa mafuta na kuwekwa kwenye sanduku la bafuni bado utapata kutu. Uhifadhiwe chumba kikavu.

Kutu ikirudi sehemu ileile, hasa kwa mstari unaofuata umbo la mpini, unuse mpini wenyewe. Mipini ya zamani ya seluloidi inapoanza kuoza hutoa mvuke wenye asidi na harufu kali, wakati mwingine ya kafuri, na mvuke huo hula feleji hata kwenye chumba kikavu. Hakuna mafuta yatakayouzuia; mpini hauna budi kubadilishwa, na wembe utengwe na nyembe nyingine mara moja ili nazo zisiambukizwe. Seluloidi pia hushika moto upesi sana, kwa hiyo cheche za mashine ya kusagia zisiikaribie kamwe, na anayeshuku kwamba mpini wake ni wa aina hiyo afanye kazi yote kwa mkono na kwa maji. Mpini wa pembe ya ndovu ni suala jingine: nchini Kenya na Tanzania kumiliki au kuuza pembe ya ndovu bila kibali ni kosa, na mwenye wembe wa urithi wa aina hiyo aulizie mamlaka ya wanyamapori kabla ya kuupeleka kwa fundi yeyote. Kung'oa pini za zamani na kuziribiti upya bila kuupasua mpini huhitaji mkono uliozoea. Bapa likiwa na kutu chini ya shina, mwachie fundi kazi hiyo.